Eti "Rock Sio Yetu"? Wanaosema Hivyo Hawaijui Dar, Hawaijui na Kemambo

Kuna kauli inazunguka sana mjini, na wanaoipenda ni wale wale: mapromota wa kutembea na simu tatu, watangazaji wa vipindi vya burudani, na mastaa wawili watatu ambao majina hayatajwi hapa ila wenyewe wanajijua. Akitokea dogo na gitaa la umeme, akalichanganya na ngoma ya kwao, jibu lipo mdomoni tayari: "Hiyo rock hiyo, sio yetu. Bongo haiendi." Kesi imeisha. Dogo anarudi ghetto, anaacha anachokijua, anatengeneza amapiano ya kuiga. Miezi sita baadaye wale wale wanakaa kwenye mahojiano wanalalamika kwamba wasanii wa siku hizi wote wanafanana.

Sasa hiyo kauli ipimwe. Na isipimwe kutokea Masaki wala Mikocheni, ipimwe kutokea Kemambo.

Kwa asiyepajua, Kemambo ni kata ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, pande za Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ng'ambo ya Mto Mara ni wilaya ya Serengeti. Mgodi ulianza uzalishaji 2002, na tangu hapo watu wamemiminika kutoka kila kona: Wakurya wenyewe wenye kwao, Wajaluo wa Rorya, Wasukuma, Wahaya, watu wa Kilimanjaro na maduka yao, mpaka watu wa pwani. Sehemu yenye mchanganyiko kama huo, muziki nao hauwezi kubaki wa aina moja. Bodaboda ana singeli, baa ina bolingo, jirani ana benga, na kwenye harusi ya Kikurya kuna ritungu.

Hapo kwenye ritungu ndipo kesi inaponoga.

Ritungu ni chombo cha nyuzi nane cha Wakurya, kikubwa, sio cha kuning'iniza shingoni kama pambo. Sauti yake nzito, inaunguruma chini kabisa, na ndani yake kuna mkwaruzo fulani unaokaa kifuani. Mpigaji anarudia mzunguko ule ule wa nyuzi, anaukaza, anaukaza tena, mpaka watu wananyanyuka. Wachezaji wakiingia na viatu vyao vizito vya mbao, ardhi yenyewe inageuka ngoma.

Sasa linganisha. Mpiga gitaa wa rock, ili apate ule mkwaruzo, anatoa hela ndefu kununua kikasha cha kukanyaga kwa mguu kinachochafua sauti ya gitaa makusudi. Mzee wa Kikurya anao mkwaruzo huo siku zote, bila umeme, bila luku. Mzunguko wa nyuzi unaojirudia, besi nzito, mguu unaopiga chini: hivyo vitu vitatu ndivyo vinavyobeba rock dunia nzima. Halafu anatokea mtu ambaye hajawahi hata kukaa karibu na ritungu, anamwambia kijana wa Nyamongo kwamba sauti nzito ya nyuzi sio ya kwao. Kweli?

Dar ilishafanya, tena zamani

Ubaya wa kauli ya "Bongo haiendi" ni kwamba inajifanya inaijua historia, kumbe haiijui kabisa.

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya minisketi, wigi na suruali za kubana. Novemba 1969 wakuu wa serikali wakaenda mbele zaidi, wakapiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Hoja ilikuwa ile ile inayosikika leo, imebadilishwa nguo tu: hii sio yetu, inaharibu vijana, inaua utamaduni.

Mwaka uliofuata, 1970, hapo hapo Dar, ikaanzishwa bendi inaitwa Sunburst. Ilikuwa na Watanzania na Wakongo ndani yake, mwimbaji akiwa James Mpungo. Walichukua gitaa la rock, wakaweka funk, wakaweka ngoma za asili, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Wimbo kama "Enzi za Utumwani" au "Simba Anguruma" ukiupiga leo kwa mtu asiyejua, atakuuliza hawa ni kina nani na wanapiga lini tena. Sio rock ya kuiga Uingereza, sio ngoma ya kuvaa kibwaya kwa ajili ya watalii. Ni vijana wa Dar waliosikiliza kila kitu kilichopita hewani, wakakataa kuchagua kimoja.

Angalia hapo. Wakubwa walikuwa wanagombana kuhusu kipi cha kwetu na kipi cha kigeni. Vijana wakajibu kwa kupiga vyote viwili kwa pamoja, na kilichotoka kikawa cha kwetu kuliko hotuba zote.

Halafu ikawaje? Albamu yao, "Ave Africa", haikurekodiwa Dar. Ilirekodiwa Zambia, 1976. Bendi iliyozaliwa Tanzania ilikwenda kupata albamu yake kwa jirani. Wakati huo nyumbani, kurekodi kwa wanamuziki wengi kulimaanisha Radio Tanzania Dar es Salaam: unaingia studio ya redio, unapiga, kanda inabaki redioni, wewe unaondoka na jina tu. Zambia kulikuwa na hali tofauti. Vijana wa huko, bendi kama WITCH, walikuwa wanapiga rock ya gitaa la mkwaruzo na midundo ya kwao, wanaiuza kwenye santuri, na hakuna aliyewauliza kibali cha kuwa Wazambia. Siku hizi dunia nzima inaita ile kitu Zamrock na inajulikana ni ya Zambia. Hakuna anayesema ni ya Wazungu.

Sunburst haikudumu baada ya albamu hiyo. Miaka ikapita. Watanzania wakakua, wakazaa, wakajukuu, bila kujua kwamba Dar iliwahi kuwa na kitu kama hicho. Mpaka 2016, miaka 40 baada ya albamu, kampuni ya Strut ya London ikakusanya kazi zao za 1973 mpaka 1976 na kuzitoa upya. Walioshangilia zaidi ni wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani. Bongo? Kimya. Vipindi vya burudani siku hizo vilikuwa bize na nani kaachana na nani.

Watu wa Kemambo hadithi hiyo hawahitaji kuelezwa mara mbili. Wanajua inavyokuwa kitu kikitoka ardhini kwako na thamani yake ikaenda kuhesabiwa mbali. Tofauti ni kwamba dhahabu ikishatoka imetoka. Muziki unaweza kubaki, kama wenyewe hawaambiwi kila siku kwamba wanachokishika ni takataka.

Na kuna hadithi nyingine ya machimbo hapo hapo Zambia. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, watu walimwita Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger. Bendi ilipokwisha na uchumi ulipoanguka, Jagari aliishia kuchimba vito ili aishi. Staa wa nchi nzima, yupo na sururu. Wakusanyaji wa nje walipokuja kuzifufua rekodi zao, wenzake wengi walikuwa wameshafariki. Yeye akarudi jukwaani akiwa mzee, akazunguka Ulaya na Marekani, na 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, "Zango". Watu wanaisimulia hiyo kama hadithi tamu. Ni tamu kwake yeye aliyebaki. Wale walioondoka kabla ya makofi kurudi, nani anawasimulia?

Ndiyo maana hili sio suala la ladha ya muziki tu. Ni suala la nani analipwa akiwa bado na nguvu zake, na nani anasubiri kugunduliwa akiwa na mvi au akiwa kaburini.

"Lakini soko halipo"

Hii ndiyo hoja yao kubwa, na ni haki ijibiwe kwa heshima. Promota anaweka hela yake. Ukumbi unalipiwa, mafuta ya jenereta yanalipiwa, polisi wa ulinzi wanalipiwa. Watu wasipokuja anafulia yeye, sio mtu wa mtandaoni anayedai sanaa. Ni kweli.

Ila swali ni hili: soko la Bongo Fleva lilikuwepo lini kabla ya Bongo Fleva? Mwaka 1991 Saleh J alichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice akaichana kwa Kiswahili. Wazazi wangapi waliona ule ni uhuni wa Kimarekani? Leo kila anayekataa rock kwa sababu ni ya kigeni anakula kwa mgongo wa muziki uliotokana na hip hop ya Marekani, na jioni anapiga amapiano ya Afrika Kusini. Kwa hiyo ugeni sio tatizo. Tatizo ni ugeni ambao bado haujamwingizia yeye hela.

Singeli nayo hivyo hivyo. Walipoianza watoto wa uswahilini, wenye vipaza sauti walicheka: kelele, muziki wa vigodoro, haufiki popote. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa "Sounds of Sisso", mkusanyiko wa singeli ya studio ya Sisso ya Dar, na madogo wakaanza kupasua majukwaa ya Ulaya. Leo ni nani anayecheka? Wale wale waliocheka sasa wanaweka singeli kwenye matangazo ya biashara na kusema "utamaduni wetu".

Arusha pia walishaonyesha njia. X Plastaz walimweka mwimbaji wa Kimasai ndani ya hip hop, na 2004 albamu yao "Maasai Hip Hop" ikatolewa na lebo ya Ujerumani. Ona mtiririko huo: London, Kampala, Ujerumani. Kila mara kitu cha Kitanzania kilichochanganywa kinahitaji mhuri wa nje ndipo mtu wa ndani akubali kwamba kina maana. Soko halikukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa nyumbani wa kuthubutu mapema.

Wa kulaumiwa sio mapromota peke yao

Ukweli usemwe wote. Wapo wazee wanaoona ritungu likikaa na gitaa la umeme ni kuharibu mila. Heshima yao ipo palepale, lakini swali lao ni jepesi: mjukuu asipolishika ritungu kwa namna anayoipenda yeye, atalishika kwa namna gani? Chombo kinachotunzwa ukutani kinaliwa na mchwa, na mila inaondoka nacho.

Wapo pia mastaa ambao mapenzi yao kwa "asili" ni ya siku moja ya kushuti video. Wanaingia kijijini na kamera, wanakusanya wazee, wanapiga picha na ngozi na usinga, wanarekodi nyuzi za ritungu dakika tano, wanampa mzee soda na elfu kumi, wanaondoka. Wimbo ukihit, jina la mzee halimo popote. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamtambua hata aliyepiga chombo, sio mtunzi peke yake, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Kumrekodi mtu bila kumwandika sio kuenzi asili. Ni wizi uliovaa shuka.

Na vijana nao wasijifiche. Kuchanganya sio kuweka ritungu sekunde nne mwanzoni kisha biti la kudownload linaendelea. Sunburst walikaa pamoja, wakapiga, wakakosea, wakapiga tena. Kijana wa Kemambo anayetaka njia hiyo inabidi akae kwanza na mzee mwenye ritungu, ajue vidole vinakwenda wapi na kwa nini. Akishajua, hapo alipasue anavyotaka.

Kinachodaiwa ni kidogo sana. Redio ya mkoa itoe nusu saa kwa wiki kwa bendi za mkoa huo, za aina yoyote. Promota akileta staa wa Dar Tarime au Mugumu, ampandishe bendi moja ya pale pale mapema, aitaje kwenye bango na ailipe hela, sio chakula. Anayerekodi aandike majina yote na kila mmoja abaki na nakala yake. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mfadhili.

Sunburst walisubiri miaka 40 watu wa London wawaambie Watanzania kwamba Dar iliwahi kuwaka moto. Kijana wa Kemambo aliyenunua gitaa kwa hela ya kubeba mawe hana miaka 40 ya kusubiri. Anahitaji jukwaa mwaka huu, vidole vikiwa bado vyepesi.

Kwa hiyo siku mwingine akikohoa na kusema "rock sio yetu", msimtukane. Mpigieni "Simba Anguruma" mpaka mwisho, halafu mpigieni ritungu, halafu mwulizeni kwa utulivu: ya kwako wewe ni ipi?