KARAFUU HAIJIUZI

Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli tupu katika soko la Darajani, ambako mnunuzi huja kwa miguu yake, akashika, akanusa, akapima. Ama katika masoko ya ng'ambo, ambako mnunuzi hajapata hata kulisikia jina la Wete, kizuri kisichotembezwa huozea ghalani. Twayasema haya kwa kuwa kwa miaka mingi wakubwa wa visiwa hivi wameifanya methali hiyo kuwa ndiyo sera yao ya biashara.

Historia yatosha kutufunza. Mwaka 1937 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuitia mikononi mwa C.G.A. biashara ya kupeleka karafuu nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na Bara Hindi, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa, ikazisusia karafuu zetu mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Baadaye tukaiegemea Indonesia, ambako watu huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao za kretek. Wenzetu wale hawakulala. Walipanda mikarafuu yao wenyewe, na katika miaka ya 1980 wakafikia kujitosheleza. Bei ikaporomoka, na mashamba ya Pemba yakamea magugu. Mara mbili katika karne moja tumepata khasara, na maradhi ni yale yale: tulikuwa na mnunuzi, hatukuwa na masoko.

Mwani nao wafuata njia hiyo hiyo. Tangu kilimo chake kilipoanza kwa biashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, mama zetu huinama majini tangu maji kupwa hata kujaa. Mwani huuzwa mkavu, hupakiwa magunia, huenda nchi za mbali kutolewa kile kinachotiwa katika dawa za meno na vyakula. Jasho ni letu, faida kubwa ni ya mwingine. Wako kina mama hapa visiwani watengenezao sabuni nzuri ya mwani. Lakini je, nani kati yao aweza peke yake kulipia vipimo vya maabara, vifungashio, sampuli na nauli ya meli, kisha angoje miezi kadhaa kabla ya kulipwa?

Hapo ndipo panapotakiwa Serikali. Hatudai sadaka, wala hatutaki fungu la fedha la kugawiwa jamaa na marafiki wa wakubwa. Twadai mambo manne yaliyo wazi. Kwanza, mkopo wa masharti nafuu kwa shehena ya kwanza katika soko jipya, na Serikali ichukue sehemu ya khasara ikitokea, kwani khatari kubwa ni ya mara ya kwanza. Pili, vipimo na vyeti vipatikane papa hapa, Unguja na Pemba, kwa bei anayoimudu mtu mdogo. Tatu, majina ya waliosaidiwa, na kiasi walichopewa, yatangazwe hadharani kila mwaka. Nne, kwa kuwa biashara ya nchi za nje ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964, balozi zetu ziwe na watu waijuao karafuu na mwani, watakaotafuta wanunuzi na kuleta khabari za bei kwa mkulima, si kwa afisi peke yake.

Tutaambiwa kwamba fedha hakuna. Nasi tukumbushe kwamba wakati bei ya ndani ilipokuwa duni, karafuu zilivushwa usiku kwenda Kenya, na fedha za kuwalipa askari wa kuzuia magendo zilipatikana. Mtu yule aliyehatarisha roho yake baharini alikuwa akitafuta soko jipya. Serikali ilimjibu kwa bunduki, ilhali ingaliweza kumjibu kwa bei na njia ya halali.

Ndugu wanachama, jambo hili lizungumzwe katika kila tawi, na kila mwakilishi aulizwe: umefanya nini ili karafuu yetu ipate mnunuzi wa pili, na wa tatu, na wa nne? Mtegemea cha nduguye hufa maskini; na mtegemea mnunuzi mmoja hatakufa tajiri.