Kamera Haipunguzi Magari
Wako madereva London ambao, kabla ya kutia gari moto, hutazama picha za kamera za barabarani, nne au tano kwa mara moja, wapate kuchagua njia iliyo wazi. Yasemwa kuwa hiyo ni busara. Mimi nakana. Kamera huonyesha njia ilivyo sasa, wala haionyeshi itakavyokuwa dereva afikapo. Njia wazi ionwayo na elfu huzibwa na elfu hao hao. Tena waikimbiao barabara kuu huingia mitaa midogo, watoto waendapo shule. Mwaka 2003 jiji lile lilianza kutoza ada magari yaingiayo katikati, na msongamano ukapungua miaka ya kwanza. Dawa ya wingi ni kupunguza. Kuchungulia hakumfungulii mtu njia.