Gari Kuukuu la Abiria na Fedha za Wadhamini



Siku hizi katika karakana yetu, saa ya chakula, mazungumzo ni ya gari tu. Watu wanne au watano hukusanya fedha, huchukua mkopo katika sako, wenzao huwadhamini, wakanunua gari kuukuu la viti 14, yaani Toyota HiAce, ambalo abiria wengi bado huliita nisani hata kama si Nissan. Mimi sipingi jambo hili. Mshahara peke yake hausomeshi watoto, na mfanya kazi ana haki ya kutafuta riziki nyingine. Ninalopinga ni namna hesabu inavyofanywa. Nasikia bei ya kununulia, nasikia fedha zitakazoingia jioni, lakini hesabu ya kulitunza gari hilo sijamsikia mtu akiifanya.

Na hesabu ikikosewa, haumii mwenye gari peke yake. Mkopo usipolipwa, akiba za wadhamini ndizo hukatwa. Wadhamini ni sisi sisi, fita, mwashiria, mlinzi wa stesheni, ambao hata usukani wa gari hilo hatujaushika.

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika nje kuingizwa nchini likipita miaka 8. Maana yake, hata lile linaloshuka Mombasa likimetameta huweza kuwa limekwisha fanya kazi miaka mingi huko Japani. Lakini wengi wetu hatununui hilo. Twanunua lililokwisha beba abiria hapa kwetu, na mwenyewe hakuamua kuliuza bila sababu. Usiiamini saa ya kilomita, maana hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazama mpira wa pedali ya breki ulivyolika, tazama usukani ulivyochakaa, sukuma mlango wa pembeni uone kama vigurudumu vyake vingali vinateleza. Vitu hivyo hakuna anayekumbuka kuvidanganyia.

Sasa tupige hesabu. Gari likienda kilomita 200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilomita 5,200. Kwa mwaka ni 62,400. Ikiwa mafuta ya injini hubadilishwa kila kilomita 5,000, basi ni kila mwezi, pamoja na filta yake, si pale mtu atakapopata nafasi. Mkanda wa taimingi, katika zile HiAce za dizeli za injini ya 1KD na 2KD, kitabu huweza kutaja kilomita 150,000. Kwa mwendo huo ni kama miaka miwili na miezi mitano tu. Na kwa kuwa hujui mwenye gari wa kwanza aliubadilisha lini, yafaa uubadilishe siku unayonunua, hata ukiambiwa ni mpya. Mkanda huo ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana, na hapo hununui tena mkanda, wanunua injini.

Nozeli za injini hizo ndizo zenye fitina kubwa. Hazipendi dizeli chafu wala yenye maji, na filta ya dizeli ni rahisi kuliko nozeli moja. Tena chini ya kila nozeli kuna washa ndogo ya shaba. Ikianza kuvuja, masizi huingia katika mafuta ya injini, mafuta yakawa kama lami, na ule mchujo ulio chini ya sampu ukaziba. Injini inakosa mafuta, tabo inakufa, beringi zinakufa. Fundi wa haraka atakuuzia tabo nyingine, nayo itakufa vile vile, kwa sababu hakuufungua mchujo. Kwa hiyo liwashe gari asubuhi mapema, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa amekwisha liwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Likikataa kuwaka upesi, likatoa moshi mweupe na kunguruma kwa kugonga gonga, umepewa habari bure.

Jambo la maji ya rejeta limeniudhi mara nyingi. Maji ya bomba hutia kutu na magamba ndani ya rejeta na pampu ya maji. Nairobi iko juu sana, yapata mita 1,700, na maji matupu huchemka hapa kabla ya kufika nyuzi 100. Dawa ya rejeta na kifuniko kinachoshika presha ndivyo huzuia jambo hilo. Badala yake watu hung'oa thamostati wakidhani wameiponya injini, nayo huenda ikiwa baridi asubuhi, ikala dizeli zaidi, na ugonjwa wenyewe ukabaki pale pale. Katika HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, na kuinua kiti ni kazi, ndiyo sababu wengi hawatazami mpaka mvuke utoke wenyewe.

Bushi, boli za mikono ya mbele, breki na tairi nitavipita upesi, kila mtu avijua. Ila mjue kwamba abiria wakizidi 14 ndivyo vinavyoumia kwanza, pamoja na springi za nyuma. Na wenye kutaka Toyota Noah za petroli kwa kazi ya kupeleka watoto shule, ulizeni kwanza habari za giaboksi. Nyingi zina giaboksi ya CVT, nayo hutaka mafuta yake yenyewe. Ukitia ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, unaiua.

Sisi watu wa reli tusingehitaji kuambiwa haya. Wazee wetu walioendesha zile Garratt za daraja la 59, zilizoanza kuingia mwaka 1955, hawakungoja boila ilie. Ilioshwa kwa tarehe, na kilichofanyika kiliandikwa kitabuni. Mtu afanyaye kazi hiyo kwa mwajiri kila siku, akifika nyumbani analiacha gari lake liende mpaka lianguke! Sijui kwa nini.

Pengine sababu naijua. Ni ile hesabu ya jioni. Mwenye gari humtajia dereva fedha maalum za kuleta kila siku, na zikipungua, dereva na makanga hulipa kutoka mifukoni mwao. Basi dereva akiona sindano ya joto inapanda, atasimama? Akisimama analala njaa. Ataendelea, na injini itapasuka kichwa, kisha mwenye gari aseme dereva ni mjinga. Huyo mwenye gari ni mwanachama wetu, na asubuhi yake alikuwa mkutanoni akilalamika kwamba mwajiri humkata mshahara kwa kosa la mashine! Dereva wake naye ni mfanya kazi. Siku gari liko gereji alipwe, na akisimamisha gari kwa sababu ya joto, apewe asante.

Nitaleta jambo hili mbele ya mkutano wa tawi. Tunao mafita wa dizeli humu chamani. Wawili kati yao walikague gari kabla ya mkopo, wasiwe rafiki za muuzaji, na walipwe kwa kazi yao. Wenye gari wafungue akaunti ya matengenezo, na kwa kila kilomita waweke shilingi tano, ambazo kwa hesabu yangu ya juu ni 26,000 kwa mwezi, zitolewe kabla ya kugawana senti moja. Fedha hizo zikionekana nyingi, basi gari hilo halikuwa na faida tangu mwanzo, na heri kulijua hilo kabla ya kutia sahihi. Bima na ukaguzi wa kila mwaka viko nje ya hesabu hiyo.

Kwa upande wangu, mwenzangu anayetaka nimdhamini sitamkataa. Aniletee karatasi ya mafita hao pamoja na fomu yake ya sako, nitatia sahihi siku hiyo hiyo.