Kijana ataka sikio, si picha ya ubongo

Mnamo 2017 wataalamu wa vyuo vikuu viwili vya Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Marcel Just na David Brent, walitoa utafiti uliovuma duniani. Vijana 17 waliokuwa na fikira za kujiua, na wengine 17 wasiokuwa nazo, waliingizwa katika mashine ipigayo picha za ubongo kwa nguvu za sumaku. Wakaonyeshwa maneno 30 na kutakiwa kuyatafakari, huku mashine ikifuatilia damu yenye oksijeni ubongoni. Ilidaiwa kwamba kwa maneno sita tu, yakiwemo ‘kifo’, ‘ukatili’ na ‘sifa’, programu ya kompyuta iliwatambua vijana 31 kati ya 34.

Mnamo 2023 utafiti huo uliondolewa jaridani na waandishi wake wenyewe. Ilidhihirika kwamba takwimu zilizotumiwa kuichagulia programu mambo ya kutazama ndizo hizo hizo zilizotumiwa kuipima. Mwalimu yeyote alijua kosa hilo: ni kumtahini mwanafunzi kwa maswali ambayo majibu yake alikwisha kuonyeshwa.

Sisemi haya ili kuibeza sayansi. Msomi anayeukana utafiti wake hadharani anastahili heshima, na uchunguzi wa ubongo wa vijana wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyokwisha, hauna budi kuendelea. Ninachopinga ni tamaa ya kungojea mashine itufanyie kazi ya kusikiliza.

Mimi ni mwanaisimu, na katika taaluma yetu neno halitengwi na muktadha wake. ‘Kifo’ kwenye kioo cha kompyuta ni msamiati tu. Lakini mwanafunzi anapomwambia mwenzake, “Hivi karibuni sitawasumbua tena,” hakuna hata neno moja la kutisha katika sentensi hiyo, na huenda ndiyo nzito kuliko zote alizowahi kutamka. Uzito wake umo katika nani anasema, anamwambia nani na baada ya yapi. Hilo ni tamko linalosubiri jibu, na kamera haijibu.

Wapo walimu wanaohofu kwamba kumwuliza kijana waziwazi iwapo anafikiria kujiua ni kumpandia wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linasema kinyume: kuuliza hakupandi wazo, bali humpa aliyeelemewa nafasi ya kulitua. Basi tuulize kwa lugha nyofu, pasipo mafumbo wala kemeo. Anayejibu ndiyo asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mshauri wa shule, na kutoka hapo hospitalini.

Ni kweli kwamba hapa Kenya kimya hicho kilikuwa na mlinzi wake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo kijana aliyekiri alikuwa akijishtaki. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hata hivyo, hukumu ya mahakama haibadilishi ndimi zetu kwa siku moja. Tungali tunasikia katika vyumba vya walimu wanafunzi kama hawa wakiitwa waoga, wavivu au watafuta huruma. Kila jina la namna hiyo humfunza anayesikia kwamba ni heri anyamaze.

Nanyi wanafunzi, siri za urafiki ni amana, lakini siri ya mwenzenu kutaka kufa si ya kutunzwa. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini, leo hii, hata kama rafiki huyo atakasirika. Hasira za rafiki aliye hai zina dawa.

Huenda siku moja mashine ikaweza kusoma huzuni ubongoni. Hadi hapo, na hata baada ya hapo, atahitajika mtu wa kuuliza, “Mwanangu, una nini?” na kuketi asikilize jibu lote.