Klabu za Huduma Vijijini: Baada ya Uzinduzi, Nani Atatunza Kisima?

Mwaka 2025 ulibadili hesabu za misaada barani Afrika. Januari 20 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 shirika lake la USAID lilikuwa limekoma kuitekeleza. Tangu hapo macho ya wengi yamegeukia wafadhili wadogo, zikiwemo klabu za huduma kama Rotary na Lions, ambazo wanachama wake hutoa fedha, muda na ujuzi wao kwa hiari. Klabu hizi haziwezi kuziba pengo lote lililoachwa. Hata hivyo zina uwezo wa kufika mahali kama Mugeta, upande wa mashariki wa Wilaya ya Bunda, mbali na maji ya Ziwa Victoria, na kuacha kisima, madawati au miwani. Ndiyo maana yafaa tuzitazame kwa makini, tujiulize zinaleta nini na sisi tunapaswa kuzipokea namna gani.

Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Lions nayo ilianzia Chicago, mwaka 1917, na tangu Helen Keller alipowaomba mwaka 1925 wawe watetezi wa vipofu, huduma ya macho imekuwa alama yake duniani kote.

Kabla ya kuendelea, tujibu swali ambalo mapadre huulizwa mara kwa mara: je, hawa si Freemason? Historia haikukosa mashaka. Mwanzoni mwa 1951 Vatikani ilitangaza amri iliyowakataza mapadre kujiunga na Rotary na kuwataka walei wawe waangalifu. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano uhusiano ulibadilika. Mwaka 1979 Mtakatifu Yohane Paulo II alizungumza na wana-Rotary waliokusanyika Roma, na mwaka 2016, katika Jubilei ya Huruma ya Mungu, walihiji hadi Uwanja wa Mtakatifu Petro. Kwa upande wa Freemason, katazo la Kanisa lilithibitishwa mwaka 1983 na kurudiwa mwaka 2023. Basi mambo haya mawili tusiyachanganye. Mwamini anayemwita jirani yake Freemason kwa sababu tu amechangia kisima anatenda dhambi ya kusingizia, na tena anakiwekea kijiji chake kikwazo.

Hilo likishaeleweka, tunaweza kuuliza swali lililo zito zaidi. Mwaka 1985 Rotary ilianza kampeni yake ya kutokomeza polio. Miaka 35 baadaye, Agosti 25, 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru dhidi ya kirusi cha asili cha polio. Viongozi wa klabu hubadilika kila mwaka ifikapo Julai 1, lakini kazi ya polio haikubadilika. Ilikuwa na mpango mmoja, washirika walewale na ufuatiliaji usiokoma. Na mwaka 2023, polio itokanayo na kirusi cha chanjo kilichobadilika ilipogunduliwa mkoani Rukwa, chanjo za nyumba kwa nyumba zilirudi. Huo ndio uvumilivu wa upendo.

Katika miradi midogo hali huweza kuwa kinyume. Rais wa klabu anayekaa madarakani mwaka mmoja anatamani, na ni tamaa ya kibinadamu, kuona kitu kimezinduliwa katika muhula wake. Kijiji kinatamani maji leo. Mwanasiasa anatamani picha. Matamanio hayo matatu yanakutana siku ya uzinduzi, na siku inayofuata kila mmoja ana shughuli nyingine. Lakini mipira ya ndani ya pampu huchakaa, mabomba hupata kutu, na kipuri kipo mjini. Pampu ikifa, wanaorudi na ndoo lamboni, mahali ng'ombe wanaponywa, ni wasichana na mama zao. Msichana akipoteza saa mbili asubuhi kwa maji, hasara hiyo haiandikwi katika taarifa ya mradi wowote.

Sheria ya nchi imelitazama jambo hili. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilianzisha RUWASA, na kuweka vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii ili visimamie miradi na kukusanya michango ya matengenezo. Rotary nayo, kwa ruzuku zake kubwa, inadai mahitaji ya jamii yachunguzwe kwanza na mradi uoneshe namna utakavyojiendesha. Kwa hiyo kanuni zipo. Kinachopungua mara nyingi ni watu waaminifu wa kuziishi kijijini.

Hapa ndipo mafundisho jamii ya Kanisa yanapotugusa. Papa Pius XI, katika waraka wa Quadragesimo Anno wa 1931, alieleza kanuni ya auni: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya, jumuiya kubwa isiipokonye, bali iisaidie kukifanya. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama jirani yetu, alilisema kwa namna yake mwaka 1968 katika Uhuru na Maendeleo: watu hawaendelezwi, hujiendeleza. Na kabla ya hao wote, Injili ya Luka inatuonesha Msamaria ambaye hakuishia kufunga majeraha. Alimkabidhi mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akampa jukumu, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Rehema yake ilikuwa na bajeti ya matunzo, na ahadi ya kurudi.

Tufanye nini, basi, katika parokia zetu? Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinakutana kila wiki, zinawajua wajane na wagonjwa kwa majina, na hazibadiliki kila Julai. Zishirikiane na majirani wa madhehebu na dini nyingine, kwa kuwa maji hayaulizi ubatizo. Rotary yenyewe ina utaratibu wa vikundi vya jamii ambavyo watu wasio wanachama, hata wakulima, hupanga na kusimamia huduma kwao wenyewe. Klabu ikija, wanajumuiya waulize kwa heshima: fundi wa kijiji atafundishwa na nani? Kipuri kitanunuliwa wapi na kwa bei gani? Mtarudi lini kukagua?

Nasi tujiulize la kwetu: mchango tutatoa lini? Mkulima wa pamba hana fedha kila mwezi. Anazo baada ya kuuza, katikati ya mwaka. Mfuko wa maji unaodai kila mwezi utakwama, ila ule unaokusanya wakati wa mauzo, ukisomewa hesabu mbele ya wote, unaweza kudumu. Hesabu zinazosomwa hadharani ni sehemu ya uadilifu wa Kikristo sawa na sala.

Ndugu msomaji, tuwashukuru wanaotoka mbali kututumikia, na tusiwapokee kama ombaomba wala kama wenye mashaka. Tuwapokee kama mwenye nyumba ya wageni aliyepewa dinari mbili, akijua kwamba tangu saa ile mgonjwa yumo mikononi mwake.