Linki ya tafsiri iseme inakwenda kwenye lugha gani

Wadau, leo naomba tuongelee kitu kidogo ambacho wahariri wa majarida ya kisayansi hawakipi uzito: linki inayotoka kwenye makala kwenda kwenye tafsiri yake.

Tuchukue Turkana. Ugonjwa wa hidatidi, yaani ule uvimbe wenye maji unaoota kwenye ini au mapafu, huletwa na mayai ya tegu wa mbwa. Miaka ya 1970 na 1980 viwango vya kaskazini magharibi mwa Turkana vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kurekodiwa duniani, na Amref ilianza mradi wa kuudhibiti mwaka 1983. Watafiti wameandika mengi, kwa Kiingereza. Wenye mbwa hao wanaongea Kiturkana. Ukitoka Lokichar ukapita Lodwar mpaka Kakuma unasikia pia Kiswahili cha Kenya, na ndani ya kambi iliyoanzishwa 1992 utakuta Kisomali, Kidinka na Kiswahili cha Kongo.

Sasa tuseme jarida limefanya la maana, makala ya hidatidi imetafsiriwa kwa Kiturkana, na mhariri ameweka linki yenye neno "Tafsiri". Kwa wale wasiojua, majarida mengi huhifadhi makala zake kwa XML ya JATS, iliyotokana na mfumo wa NLM wa 2003 na kuwa kiwango cha NISO mwaka 2012. Humo kuna tagi ya related-article kwa ajili ya makala zinazohusiana. Mhariri anaiongezea xml:lang="tuv" (tuv ndiyo Kiturkana), anafunga faili, anaenda kunywa chai.

Hapo ndipo ninapobisha. xml:lang inataja lugha ya maneno yaliyomo ndani ya tagi yenyewe. Neno "Tafsiri" ni la Kiswahili. Akiandika tuv, amelidanganyia neno. Akiandika sw, amesema kweli kuhusu neno, lakini programu inayokusanya makala itadhani tafsiri yenyewe ni ya Kiswahili. Na tagi ikiwa tupu, haina neno hata moja, hiyo xml:lang inataja lugha ya nini?

Watu wa HTML walilimaliza hili tangu miaka ya 1990. lang ni ya maneno ya linki, hreflang ni ya kule linki inakokwenda. Kazi mbili, sehemu mbili. SciELO ya Brazil nao wanalikwepa tatizo kwa njia nyingine: tafsiri inakaa ndani ya faili lilelile, kwenye sub-article yenye xml:lang yake, kwa hiyo lugha imebandikwa kwenye maandishi yenyewe. Safi sana, ila inafaa pale tu tafsiri ikiwa mikononi mwa jarida. Ikiwa iko kwenye tovuti ya shirika fulani la afya, unabaki na linki.

Kuna watakaosema, si mtu afungue tu aone? Afungue kwa bando la nani? Muuguzi wa zahanati karibu na Lokichar akishusha PDF nzito halafu akute ni Kifaransa, hatarudi tena. Na injini ya kutafutia inayochuja kwa lugha haifungui kitu kwa kubahatisha. Kisicho na alama hakimfikii aliyeomba Kiturkana.

Halafu jamani, misimbo isikisiwe. tk ni Kiturkmeni cha Asia ya Kati, tr ni Kituruki, na ke ni msimbo wa nchi ya Kenya, si wa lugha. Kiswahili kwa ujumla ni sw. Cha Kongo kina swc yake, na kwa Kakuma tofauti hiyo si ya kupuuza.

Mhariri akiniuliza aweke nini kwenye ukurasa wa makala, namwandikia mstari huu mmoja:

<a href="..." lang="sw" hreflang="tuv">Tafsiri ya Kiturkana</a>