JOTO LA MWENZAKO SI UVIVU

Ndugu Wafanya Kazi,

Mwezi uliopita kamati ya tawi letu moja ililetewa barua ya onyo aliyopewa mama mmoja wa cherehani. Kosa lililoandikwa ni kwamba aliacha mashine mara tatu kwa siku moja bila ruhusa, akaenda kusimama mlangoni. Mama huyu ana miaka 49, na kazi hiyo ameifanya miaka 18. Alipoulizwa sababu, alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nashikwa na joto." Katika chumba kile tulikuwa wanaume sita na yeye peke yake. Wawili wetu walicheka. Mmoja akamwambia, "Mama, hapa Mombasa nani hashikwi na joto? Si kaskazi imeingia?" Barua ikawekwa kando, tukaendelea na mambo mengine.

Twaandika habari hii kwa sababu kicheko kile kilikuwa kosa, na kosa lile halikufanywa na tajiri. Lilifanywa na chama.

Yafaa kila mwanachama aelewe kilichokuwa kikimpata mama yule. Mwili wa binadamu una msimamizi wake wa joto, naye yumo ndani ya ubongo. Kazi yake ni kuuweka mwili karibu na digrii 37. Kwa kawaida msimamizi huyu ni mvumilivu: joto likipanda kidogo au likishuka kidogo hafanyi neno. Lakini mwanamke anapokaribia kukoma hedhi, jambo ambalo huwafikia wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni iitwayo estrojeni hupungua, na uvumilivu ule hupungua pamoja nayo. Hapo joto likizidi kidogo tu, hata kwa kikombe cha chai au kwa mvuke wa pasi, msimamizi hupiga kengele kama kwamba nyumba inaungua. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hufunguka, uso na kifua huwaka, moyo huenda mbio, jasho humwagika. Baada ya dakika chache hali hupita, na mara nyingi mama huachwa akitetemeka kwa baridi na nguo zimelowa.

Hali hii hurudi usiku pia, ikamnyima usingizi, naye asubuhi huja kazini amechoka kabla hajaanza. Wala si jambo la mwezi mmoja. Uchunguzi mrefu uliofanywa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba nusu ya wanawake waliopatwa na hali hii mara kwa mara walikaa nayo zaidi ya miaka saba.

Wako na wenzetu wengine ambao hatukuwatazama vyema. Katika kiwanda kile kile yupo kijana wa kufungasha mizigo ambaye ana usonji, yaani ubongo wake tangu kuzaliwa hupokea mambo kwa namna nyingine. Wenzake humwita mwenye maringo kwa kuwa hulivua koti la kazi la nailoni kila mara. Lakini si maringo. Watu wengi wa hali hii husikia sauti, mwanga, mguso wa nguo na joto kwa ukali kupita wengine, hata kazi yenyewe ikamshinda mtu kwa sababu ya koti. Na wapo walio kinyume chake: hawasikii joto wala kiu mpaka mwili umekwisha zidiwa, nao huanguka pasipo kulalamika hata mara moja. Tangu mwaka 2013 kitabu ambacho madaktari wengi hutumia kupima usonji kimeyataja mambo haya kuwa miongoni mwa dalili zake. Tena, baadhi ya dawa za maradhi ya akili huzuia jasho lisitoke vizuri, na aliye nazo hawezi kupoa kama jirani yake. Asiziache kwa shauri la rafiki. Amwambie daktari kwamba yeye hufanya kazi mahali penye joto.

Yuko pia aliye na mizigo hiyo miwili kwa pamoja. Katika uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, wanawake wenye usonji walieleza kwamba walipofika umri wa kukoma hedhi, mambo waliyokuwa wakiyavumilia kwa miaka mingi yaliwazidi nguvu.

Tajiri atauliza: chumba ni kimoja na joto ni moja, mbona wengine hawasemi? Jibu ni kwamba kipimajoto cha ukutani hupima chumba, hakipimi mtu. Tena tusisahau hali ya chumba chenyewe. Mwezi wa Machi joto la mchana hapa Mombasa hufika digrii 32 au 33 kivulini. Ndani ya ukumbi wa kushonea, chini ya paa la mabati, pamoja na pasi za mvuke, huzidi hapo. Anayelemewa kwanza ametangulia tu; wengine wako nyuma yake. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kwamba wafanya kazi zaidi ya bilioni 2.4, kadiri ya saba katika kila kumi duniani, hukutana na joto la kupita kiasi kazini.

Na sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kuajiri aweke hewa safi ya kutosha na maji safi ya kunywa, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Lakini sheria hiyo haina neno hata moja juu ya kukoma hedhi. Siku za ugonjwa nazo hazitoshi, kwa kuwa Sheria ya Ajira yatoa kwa uchache siku saba za mshahara kamili na siku saba za nusu mshahara kwa mwaka, na hali hii hukaa miaka. Pale sheria iliponyamaza, mkataba wetu wa pamoja hauna budi kusema.

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya yaingizwe katika madai ya mkataba ujao:

1. Mfanya kazi aliyezidiwa na joto aruhusiwe kutoka dakika tano, pasipo kukatwa mshahara na pasipo kuulizwa sababu mbele ya watu.

2. Aombaye kuhamia karibu na dirisha au feni ahamishwe, kazi ikiwezekana.

3. Makoti ya kazi yawe ya pamba badala ya nailoni. Vifaa vya kumkinga mtu na hatari visivuliwe, ila vitafutwe vyepesi.

4. Maji yaletwe karibu na mashine, na saa ya kunywa ipigiwe kengele kwa wote, ili asiyesikia kiu naye anywe.

5. Wa zamu ya usiku waruhusiwe nguo ya kujifunika, kwa maana baridi nayo huwaumiza hao hao.

Mambo haya hayahitaji mtambo mpya. Gharama yake ni ndogo kuliko kumpoteza fundi wa miaka 18 na kumfundisha mgeni.

Kwa akina mama twasema hivi: msijifiche. Nendeni hospitali, kwa maana matibabu ya hali hii yapo. Tena jasho la usiku laweza kuwa la malaria au la kifua kikuu, na hilo ni daktari wa kulipima, si jirani wa kulikisia. Kwa akina baba twasema: yanayompata mama wa cherehani ndiyo yanayompata mke wako nyumbani, na hutapenda nyapara wake amcheke.

Barua ya mama yule itarudi mezani katika kikao kijacho. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chasema kwamba kabla ya mtu kufukuzwa kwa kosa asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama amtakaye. Hatutangoja mambo yafike huko. Mwakilishi wetu atakwenda naye kwa meneja kutaka onyo lile lifutwe, na kabla ya safari hiyo kamati itamwomba radhi.

Matawi yote yaombwa kutundika kipimajoto kazini, kuandika joto la saa nne asubuhi na la saa nane mchana kila siku, na kuyaleta maandishi hayo ofisini kabla kaskazi haijakwisha. Tukikaa na tajiri, tukae na hesabu mkononi.

Umoja ni Nguvu.

Mhariri